Betri ya gari la mama usiinunulie mwenzake bado

Ngamiani, Tanga
Jumapili jioni

Somo yangu,

Salaam nyingi kutoka nyumbani. Sisi wazima, ila joto limetuelemea. Kaskazi imeshika na usiku kucha feni haizimwi. Natumai huko Dodoma kazi zinakwenda na afya inaruhusu.

Nimefika Raskazone kwa mama kama ulivyoniomba. Hajambo, anakusalimu, na tarehe yake ya kliniki pale Bombo haijabadilika. Ndiyo maana nakuandikia kirefu, maana najua gari lile unaliacha pale kwa ajili yake, siku akihitaji kupelekwa lisiseme haliwaki. Umeambiwa betri imekufa na ulikuwa mbioni kutuma fedha za kununua nyingine. Usizitume. Betri ile haijafa, na ukinunua mpya ukaiacha ikae vile ilivyokaa hii, nayo haitafika mbali.

Nikuambie nilichokikuta. Nilipofungua boneti, kichwa cha chanya kilikuwa kimeota unga mweupe wenye kijani, umekakamaa mpaka kwenye waya, na klipu ya hasi ilikuwa inazunguka kwa kidole. Nikaweka mita, ikasoma volti 12.1. Betri ya gari ina vyumba 6, kila kimoja kinatoa volti 2 na kidogo, kwa hiyo iliyojaa na kupumzika inatakiwa kusoma kati ya 12.6 na 12.7. Ikisoma 12.4 imebaki robo tatu hivi, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo, na chini ya hapo hakuna tena cha kutegemea. Ya mama ilikuwa pungufu kidogo ya nusu, na hicho kidogo kilichobaki kilikuwa kinazuiwa na ule unga kisifike kwenye stata, ile mota inayozungusha injini iwake. Ndiyo sababu ukizungusha ufunguo unasikia tak-tak-tak na taa za dashibodi zinafifia. Aliyesema imekufa aliusikia mlio huo akatoa hukumu. Hakupima, na mimi jambo hili linanikera kwa sababu wazee wetu wanatozwa fedha za betri mpya kila leo kwa tatizo la kusafisha na kuchaji.

Sasa sikiliza jambo ambalo nataka ulishike kuliko yote. Betri haiuawi na kazi, inauawa na kukaa ikiwa imepungua. Ndani yake mna sahani za risasi zimezama kwenye asidi ya salfa iliyochanganywa na maji. Umeme ukitoka, sahani hujivika salfati ya risasi na asidi inabaki nyepesi. Ukichaji mapema, salfati hiyo inavunjika, asidi inarudi kuwa kali na sahani zinarudi kama zilivyokuwa. Ukiiacha wiki baada ya wiki, inakomaa na kuwa fuwele ngumu ambazo chaji ya kawaida haiziondoi tena, na kila mahali palipofunikwa na fuwele ni sehemu ya betri uliyokwisha kuipoteza. Mfaransa Gaston Planté aliitengeneza betri ya aina hii mwaka 1859, na mpaka leo tabia hiyo haijaiacha. Kwa hiyo taksi inayokimbia mjini tangu alfajiri inaweza kukaa na betri yake miaka, na gari la mama linalolala uani likaimaliza ya kwake upesi.

Utauliza nani anaila wakati gari limezimwa. Nilitoa waya wa hasi, nikapitisha mita katikati yake na betri, nikafunga milango nikasubiri mifumo yote ilale. Ikabaki miliampea 40. Hapo hakuna hitilafu, kwa sababu chini ya 50 ni kawaida: alamu, saa, kumbukumbu ya redio, kompyuta ya injini, kila kimoja kinanyonya kidogo kidogo. Lakini miliampea 40 kwa saa 24 ni karibu ampea-saa 1, yaani umeme wa ampea 1 kwa saa nzima, na ile ni betri ya saizi ya NS60, inayobeba ampea-saa 45. Wiki tatu na siku chache, nusu imekwenda na hakuna aliyeligusa gari. Hapo sijaweka inachopoteza yenyewe kwa kukaa tu, ambacho huongezeka karibu maradufu joto likipanda nyuzi 10. Na joto la kwetu miezi hii unalijua.

Mdogo wako amekuwa akiliwasha kila Jumamosi, dakika tano, anazima. Nimemshukuru kwa kujali, na nawe usimgombeze, kwa sababu karibu kila mtu mjini anaamini hivyo. Ila dakika tano hazilipi deni. Stata inavuta ampea 100 na zaidi, lakini kwa sekunde chache tu, na hicho kinarudishwa. Kisichorudi ni kile kilicholiwa wiki nzima, ampea-saa 7 hivi. Injini ikinguruma gari limesimama, oltaneta, ile mashine ya injini inayochaji betri, inazunguka polepole, na akiwasha AC na redio kinachobaki cha kuingia kwenye betri ni kidogo mno. Betri iliyopungua nayo hainywi kwa pupa, inataka saa nyingi. Tena injini haipati joto la kutosha, mvuke wa maji unabaki kwenye oili na kwenye ekzosi. Bora asiliwashe kabisa kuliko kuliwasha namna hiyo. Akitaka kuliwasha, na alitoe: aende nalo mpaka Muheza na kurudi, kwa mwendo wa kawaida, AC imezimwa. Hapo oltaneta inasukuma volti 14 na ushei kwa muda wa maana, na breki na matairi navyo vinapata nafuu.

Nilichofanya ni hiki. Niliipeleka betri gereji, nikaosha vichwa kwa maji ya moto yenye baking soda mpaka ikaacha kutoa povu, nikasuuza, nikakausha. Nilikuwa mwangalifu yale maji yasipenye kwenye vifuniko, kwa sababu soda ikiingia ndani inaharibu asidi. Nilipofungua vifuniko, vyumba viwili maji yalikuwa yameshuka hadi ncha za sahani zinaonekana. Hilo ndilo lililonitia hofu zaidi, kwani sahani ikikauka hewani inaharibika. Nikaongeza maji yaliyotoneshwa (distilled water), kiasi cha kufunika sahani tu, nikachaji usiku kucha kwa ampea 4, halafu asubuhi nikamalizia mpaka yakapita sahani kwa sentimita 1. Ukijaza kabla ya kuchaji, yanapanda na kumwagika. Mwambie mdogo wako asiweke maji ya bomba wala ya kisima, kwetu huku visima vina chumvi. Na mtu asimshawishi kuongeza asidi. Kinachopungua kwa joto na kuchaji ni maji, asidi imebaki mlemle, ukiongeza nyingine unaila betri kwa mkono wako. Chupa za dukani zinafanana, asome kilichoandikwa kabla ya kumimina.

Baada ya kuchaji niliiacha itulie mpaka jioni, kwa sababu ukipima ikitoka tu kwenye chaja mita inakudanganya. Ikasoma 12.6. Tukaifunga kwenye gari, nikamwambia mdogo wako awashe huku nimeshika mita: haikushuka chini ya 10, na gari likawaka mara moja. Iliyochoka kweli ingeporomoka chini ya 9.6 wakati stata inazunguka. Mama alipiga vigelegele pale kibarazani, nikasema nitakuandikia.

Tangu sasa, gari likiwa halitoki wiki mbili au zaidi, waya wa hasi utolewe. Ni spana namba 10 na dakika moja. Waanze kutoa hasi, na kurudisha hasi iwe ya mwisho. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, hasi ikiwa bado imefungwa, umeme wote wa betri unapita kwenye spana hiyo, na nimeona spana ikiungua mkononi mwa mtu. Avue pete na saa kwanza. Waya ukishatoka, aufunge kitambaa na kuusogeza pembeni usirudi kugusa kichwa. Jambo moja dogo lenye kusumbua: rimoti haitafanya kazi, kwa hiyo mlango utafunguliwa kwa ufunguo wenyewe, na ufunguo usifungiwe ndani ya gari hata siku moja. Saa na stesheni za redio zitapotea, na injini inaweza kutetereka kidogo mara ya kwanza mpaka kompyuta ijirekebishe. Mama nimemweleza asishtuke.

Hata ikitolewa waya, bado inapungua yenyewe polepole, hivyo kila baada ya wiki nne hivi ipimwe, na ikifika 12.4 ichajiwe. Hapa ndipo fedha ulizotaka kutuma zina kazi. Kuna chaja ndogo zinazojiongoza: zikishaijaza betri zinashuka zenyewe mpaka kama volti 13.5 na kuishikilia hapo bila kuichemsha. Ukinunua hiyo, pale uani pana soketi karibu na jiko, waya unafika, na wala hakuna haja ya kutoa hasi. Zile chaja za kizamani zinazosukuma tu bila kupunguza usiziache zimechomekwa siku nzima, zinakausha maji. Wapo wanaoweka paneli ndogo ya sola juu ya dashibodi au kwenye paa, nayo inafaa ikiwa na kidhibiti chake, lakini kwa mama siipendekezi, kwa sababu ili paneli ifanye kazi gari lazima likae juani, na jua hilohilo ndilo linaloimaliza betri. Kivuli cha mwembe pale nyuma ni bora. Chini ya mnazi hapana, unajua mwenyewe.

Wakati wa kuchaji, dirisha na mlango viwe wazi na pasiwe na sigara wala moto wa mkaa karibu, kwa maana inatoa hewa ya haidrojeni, na hiyo hulipuka kwa cheche. Wajukuu wakae mbali. Asidi ikimrukia mtu, maji mengi bila kuchelewa, na kama ni jichoni aoshe mfululizo huku anapelekwa hospitali.

Mama aliniuliza kama ni kweli betri ikiwekwa kwenye sakafu ya saruji inakwisha. Nilimwambia si kweli kwa betri hizi za sasa zenye kasha la plastiki. Wazee walikuwa na sababu yao, kwa kuwa za zamani makasha yake yalikuwa ya mbao na ya mpira na yalivuja. Kinachoimaliza betri ikiwa sakafuni ni kwamba imekaa bila kuchajiwa.

Vichwa nimevipaka mafuta mazito ya kujipaka baada ya kukaza, mdogo wako arudie kila baada ya miezi michache. Pale kwenu bahari iko jirani, upepo wa chumvi hautoi likizo.

Ijumaa baada ya swala nitapita tena kupima, waya wa hasi ukiwa umetolewa tangu jana. Ikisoma 12.5 au zaidi, tulia na ufanye kazi zako. Ikiwa imeshuka chini ya hapo kwa siku hizo chache, na hakuna kinachoila, basi kuna chumba kimoja kimeharibika na nitakuambia bila kuficha, tuanze kutafuta mpya kabla ya siku ya kliniki. Ile ya zamani tutairudisha dukani ichukuliwe na wanaonunua chakavu, risasi ni sumu, haifai kutupwa wala kuachwa uani penye watoto.

Kama chaja utainunulia huko Dodoma, angalia iwe ya volti 12 na imeandikwa inafaa betri za risasi, ampea 4 mpaka 5 zinatosha. Mpe yeyote anayekuja na basi, nitaipokea stendi ya Kange. Nipigie tu ukijua basi limeondoka saa ngapi.

Shemeji na watoto wasalimie sana.

Wasalaam,
Somo yako