Mabao yake hayajazi fomu

Area C, Dodoma

Rafiki yangu,

Salamu kutoka huku kwenye vumbi na upepo. Nimesikia vijiwe vyote vinampigia debe mshambuliaji wenu wa zamani apewe kiti cha mtendaji mkuu wa klabu yenu. Umeuliza kama wachezaji wastaafu wanafaa kuendesha klabu. Wapo wanaofaa, ila si kwa sababu mnazozitaja.

Mnasema anaujua mpira. Sawa, ila jicho pekee halitoshi. Tazama mpira wa kikapu Marekani: Michael Jordan alistaafu Januari 1999, mwaka mmoja baadaye akakaa ofisini kuiendesha timu ya Washington Wizards, na mwaka 2001, timu zilipochagua vijana wapya wa ligi, akamchukua Kwame Brown wa kwanza kabisa kati ya vijana wote. Kijana hakufika walikotarajia. Jerry West alistaafu kuchezea Lakers, timu nyingine ya kikapu, akawa kocha wao, akazunguka kuwasakia vipaji, ndipo wakampa umeneja mkuu mwaka 1982. Mwaka 1996 aliwaleta Kobe Bryant na Shaquille O'Neal majira yaleyale. Na wanaokutajia Leodegar Tenga, nahodha wa Taifa Stars ya 1980 aliyeliongoza shirikisho la soka, TFF, toka 2004 hadi 2013, wakumbushe kwamba yule ni mhandisi, ofisi haikumshangaza.

Kazi yenyewe ni makaratasi. Chukua fungu la mshikamano la FIFA, maana nyie mnalea vijana. Mchezaji akiuzwa nje kabla mkataba haujaisha, asilimia 5 ya ada ya uhamisho hugawanywa kwa klabu zilizomlea kuanzia msimu wa miaka 12 hadi wa 23. Kila msimu wa 12 hadi 15 una asilimia 0.25 ya ada, wa 16 hadi 23 una 0.5. Kijana mliyekaa naye misimu ya 14, 15, 16 na 17 akiuzwa dola 200,000, chenu ni asilimia 1.5, yaani dola 3,000. Mnaikosa kwa sababu jina lake lilikuwa kwenye daftari la kocha tu, halikusajiliwa, au cheti cha kuzaliwa kina mwaka mmoja na cheti cha shule kina mwingine. Historia yake ya usajili isipowaonyesha, hamna mtakalodai. Mshambuliaji wenu atalijua hilo? Muulizeni.

Tena mumpime kabisa. Mpeni saa mbili na mkataba wenye makosa: mshahara wa tarakimu haulingani na wa maneno, kurasa za kati hazina saini, hakuna kipengele cha kuuvunja. Kisha bajeti ya safari ya Mwanza kwa watu 25: basi, malazi, chakula, posho. Aeleze pia atafanya nini kiingilio kikileta nusu ya alichokisia. Anayesema "tutamwona mfadhili" ameshajibu.

Hatari nyingine ni urafiki. Wakala aliyecheza naye zamani atakuja na "mdogo wangu" mwenye goti bovu. Aandike mapema nani ana maslahi naye, vipimo vya afya vitangulie saini, na hundi isainiwe na wawili, mmoja awe mhasibu. Hapa msimwonee haya, hata kama mji mzima unamwimba.

Akifeli mtihani, msimtupe. Wachezaji mishahara ikichelewa watamsikiliza yeye kuliko mtu wa suti, kwa hiyo mpeni umeneja wa timu, akae karibu na mhasibu misimu miwili. Edwin van der Sar, kipa wa zamani, aliingia ofisi za klabu ya Ajax mwaka 2012 upande wa masoko, ukurugenzi mkuu akaupata 2016. Shahada nayo si kinga, maana Oliver Kahn, kipa mwingine wa zamani, alikuwa nayo ya biashara, na Bayern walimwondoa kwenye utendaji mkuu Mei 2023.

Nitumie rasimu ya mkataba wake kabla hamjasaini. Nataka kuona muda wa majaribio na ukomo wa pesa anazoweza kuidhinisha peke yake.

Wasalimie nyumbani.

Wako,
Mwenzio wa Area C