Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Wapenzi wa Pikipiki za Kale za Kiingereza

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha anazo mweka hazina. Zimekaguliwa, nakala ziko mezani, ada zimetosha kulipia ukumbi na nauli za safari, na hakuna mtu anayetudai. Muda uliobaki naomba niutumie kwa darasa la utambuzi, kwa kuwa ndilo lililokula nguvu zetu nyingi mwaka huu, na ndilo lililozaa ombi ambalo kamati inalileta kwenu leo.

Darasa lilianza kwa sababu ya mkasa uliompata mwenzetu mmoja. Aliuziwa Triumph Bonneville ya mwaka 1970, yenye kabureta mbili, rangi safi na kromu inayong'aa. Alipoileta kikaoni tuliinama ubavu wa kushoto wa injini, chini ya pale silinda inapokalia, maana ndipo namba inapogongwa. Kwenye injini za miaka ile kiwanda kilichapa kwanza vijialama vya Triumph kwenye chuma, kisha kikagonga namba juu yake, ili mtu akipitisha tupa aonekane. Pale palikuwa laini kabisa. Herufi T120, alama ya Bonneville, zilikuwa zimegongwa upya, moja imepanda na nyingine imeshuka. Kwa kila dalili tuliyoiona, pikipiki ile ilitoka kiwandani ikiwa TR6, ndugu yake Bonneville mwenye kabureta moja, halafu baadaye ikavishwa kichwa cha silinda kisicho chake. TR6 ni pikipiki nzuri sana, na mimi binafsi kwa safari ndefu ningeichagua yenyewe. Lakini mwenzetu alilipa bei ya Bonneville, na muuzaji hapokei simu tena.

Baada ya hapo kamati iliagiza kila kikao kianze na somo. Tunaoishi Birmingham, Coventry na Leicester tumezungukwa na mji mama wa pikipiki hizi. Triumph ilianzishwa na Mjerumani Siegfried Bettmann, ikaweka kiwanda chake Coventry, na pikipiki yake ya kwanza, ya mwaka 1902, ilitumia injini ya Minerva kutoka Ubelgiji. BSA ilikuwa Small Heath, Norton ilikuwa Bracebridge Street, Ariel Selly Oak, Velocette Hall Green, zote ndani ya Birmingham. Ni aibu kuishi hapa kisha tukategemea jina lililoandikwa kwenye tangi. Tangi hushikwa na bolti chache tu, na mchana mmoja unatosha kulihamishia pikipiki nyingine.

Somo la kwanza lilikuwa kuisoma pikipiki ukiwa ng'ambo ya barabara. Anza na tangi. Hadi kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 tangi lilikuwa bapa, limechomekwa katikati ya mabomba mawili ya fremu. Kati ya 1928 na 1930 hivi viwanda vingi vililipandisha juu ya bomba, likashuka pande zote mbili kwa umbo la mviringo. Kisha tazama foku, yaani miguu inayoshika tairi la mbele. Kabla ya vita vya pili ilikuwa ya vyuma vilivyounganishwa, na springi kubwa imesimama mbele ya usukani. Matchless G3/L ya jeshi, mwaka 1941, ilikuja na foku ya mabomba yenye oili ndani, na baada ya vita karibu kila kiwanda kilifuata. Mwisho geukia nyuma. Kama tairi limefungwa moja kwa moja kwenye fremu, bila springi yoyote, uko kabla ya vita au miaka michache baada yake. Ukiona shokapu mbili zimesimama wima na mkono wa nyuma unaopanda na kushuka, umeshaingia miaka ya 1950. Mtu aliyezoea mambo haya matatu hakosei kwa zaidi ya miaka michache.

Somo lililopendwa kuliko yote lilikuwa la AJS na Matchless. AJS ilikuwa ya ndugu wa ukoo wa Stevens wa Wolverhampton, ikanunuliwa mwaka 1931 na ndugu wa ukoo wa Collier, wenye Matchless, kule Plumstead, London. Baada ya vita pikipiki za silinda moja za majina haya mawili zilikuwa karibu kitu kimoja, lakini kila jina lilikuwa na mashabiki wasiotaka kusikia habari ya jirani. Basi kwa miaka kadhaa kiwanda kiliweka magneto, kifaa kinachotoa cheche za plagi, mbele ya silinda kwenye AJS na nyuma ya silinda kwenye Matchless. Funika tangi kwa kitambaa, na bado utajua unatazama ipi. Vijana wetu wawili walikuwa wakishindana kwa swali hili mpaka ikabidi niwaombe tuendelee na ratiba.

Kuhusu namba, naomba kila mwanachama aweke haya moyoni. Kuanzia msimu wa 1969 Triumph na BSA ziligonga herufi mbili mbele ya namba. Ya kwanza ni mwezi: A ni Januari, B Februari, C Machi, D Aprili, E Mei, G Juni, H Julai, J Agosti, K Septemba, N Oktoba, P Novemba, X Desemba. Ya pili ni msimu: C ni 1969, D ni 1970, E ni 1971, G ni 1972, H ni 1973. Msimu ulianza baada ya likizo ya kiangazi, kwa hiyo injini yenye JD ilitengenezwa Agosti 1969 ingawa ni ya msimu wa 1970. Kwa pikipiki hizi namba ya injini na ya fremu zilitoka kiwandani zikilingana. Kwa BSA za miaka ya 1950 mambo ni tofauti: hazikulingana tangu mwanzo, na msiikatae pikipiki halali kwa sababu hiyo.

BSA Gold Star inahitaji tahadhari ya pekee, kwa sababu watu wameitengeneza kutokana na B31 na B33, pikipiki za kawaida za mtu wa kwenda kazini. Piga magoti upande wa kulia. Bomba la chini la fremu ya Gold Star lina kona ndogo, limebonyezwa ili kupisha pampu ya oili. Fremu ya B31 haina kona hiyo. Jina lenyewe lilipatikana kwa haki: mwaka 1937 Walter Handley alizunguka uwanja wa Brooklands kwa zaidi ya maili 100 kwa saa juu ya BSA, akapewa beji ya nyota ya dhahabu, na mwaka uliofuata kiwanda kikaiita hivyo pikipiki yake.

Na Royal Enfield Bullet. Kiwanda cha Redditch kilifungwa mwaka 1967, lakini Bullet ilikuwa imeanza kuundwa Madras, India, tangu 1955, na India ikaendelea nayo kwa miongo mingi. Baadhi ya wenzetu waliibeza Bullet ya Madras wakidai si halisi. Sikubaliani nao. Ni ukoo uleule, umetunzwa na mafundi waliouheshimu. Kosa lipo kwa anayebandika vifaa vya Redditch juu ya ile ya India kisha akaficha.

Safari zilikwenda vizuri. Makumbusho ya taifa ya pikipiki, National Motorcycle Museum, yako karibu nasi, na ndani kuna pikipiki za Kiingereza tupu. Mwaka 2003 moto uliunguza mamia ya pikipiki pale, na sehemu kubwa ilifufuliwa kwa kazi ya miaka. Mbele ya BSA Bantam ya kwanza tulisimama muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Bantam ilitoka mwaka 1948, ikiwa na injini ya cc 125 kasoro kidogo, na mchoro wake ni wa DKW ya Ujerumani uliochukuliwa kama fidia ya vita, ukageuzwa kushoto kulia ili kanyagio la gia likae upande wa kulia walikozoea Waingereza. Wanachama waliokulia Mombasa na Tanga walizitambua zile bunduki tatu zilizoegemezana, nembo ya BSA, kabla ya kusoma maandishi, kwa sababu waliziona kwenye baiskeli za BSA za baba zao.

Mwezi Juni tulikwenda Banbury Run, matembezi ya pikipiki zilizoundwa kabla ya 1931, yanayoandaliwa na VMCC (Vintage Motor Cycle Club), chama kilichoanzishwa mwaka 1946 ili vyombo hivi visiishie kwa wauza vyuma chakavu. Ukitaka kujua mapenzi ni nini, simama kilima cha Sunrising umtazame mzee akiipandisha Douglas ya silinda mbili zilizolala, huku mkono mmoja ukirekebisha wakati wa cheche na mwingine ukilinda hewa na mafuta. Scott nayo, yenye injini inayopozwa kwa maji, ilipita na ule mlio wake wa juu usiofanana na mwingine wowote.

Kikao kilichonigusa zaidi kilikuwa cha mzee aliyefanya kazi Meriden, kiwanda ambako Triumph ilihamia mwaka 1942 baada ya mabomu ya Novemba 1940 kuiharibu Coventry. Alikuwapo wafanyakazi walipokizuia kiwanda kisifungwe mwaka 1973, na baadaye walipokiendesha wenyewe kwa ushirika hadi 1983. Alituonyesha mistari ya dhahabu kwenye tangi lisilopakwa upya. Ilichorwa kwa mkono, kwa brashi, bila rula. Kona moja mstari umenenepa kidogo pale mchoraji alipopumua. Siku hiyo hiyo tulikuwa na tangi jingine la mwaka uleule lililopakwa upya, limenyooka kila mahali, na hakuna aliyerudi kulitazama mara ya pili.

Hapo ndipo linapotoka ombi la kamati. Kila mwaka pikipiki ambazo hazijaguswa zinapungua, kwa kuwa anayezinunua anakimbilia kuzing'arisha. Rangi ya kiwandani, bolti zenye nyuzi za Whitworth, kipimo cha zamani cha Kiingereza, lebo za Lucas kwenye vifaa vya umeme na za Amal kwenye kabureta, hata mkwaruzo wa goti kwenye tangi, ndivyo vinavyotufundisha namna pikipiki ilivyokuwa. Vikishang'olewa, ubishi wa kesho hautakuwa na shahidi.

Kamati inaomba mkubali kwa kura mambo mawili. Kwanza, chama kifungue daftari la pikipiki ambazo bado ziko katika hali ya asili, zikiwa zetu au za watu waliotupa ruhusa: picha za pande nne, picha ya namba ya injini na ya fremu, maelezo ya rangi, vifaa na nyuzi za bolti, kabla fundi yeyote hajashika spana. Namba kamili zitabaki kwa katibu na hazitatolewa kwa asiye mmiliki, ili tusiwape wezi na waghushi kazi rahisi. Pili, sehemu ya ada ya mwaka ujao inunue seti ya spana za Whitworth ya chama, kwa sababu spana za milimita zinakula pembe za nati, na nati za asili zikishaharibiwa hazina mbadala.

Nafasi ya katibu msaidizi iko wazi. Mwanachama anayetunza picha zetu sasa, binti yetu wa Leicester, amependekezwa na wanachama wawili, na kamati inamuunga mkono. Majina mengine yapokewe hadi mapumziko ya chai. Kura ya daftari itapigwa kwanza, kisha ya spana, kisha uchaguzi.