Rehema, hii "may" ina uzito gani?

Hombolo, Dodoma
2 Septemba

Rehema mwenzangu,

Mbukwa! Najua utaguna ukiona mwandiko huu, maana tangu msiba wa babu yake Joni sijakuandikia neno, na simu zako mbili sikupokea. Nisamehe bure. Huku hatujambo. Eliya anakohoa kama kila mwaka upepo huu ukianza na vumbi lake, mbuzi wa mama wamezaa, mengine Joni atakusimulia. Anapanda basi la Singida kesho asubuhi, ndiyo maana nakimbiza kalamu usiku huu. Jambo lenyewe ni la Kiingereza. Usicheke, lina hasara ndani yake.

Unamkumbuka yule mzungu wa hoteli ya Arusha niliyekusimulia Pasaka, anayetaka zabibu za mezani? Mwezi uliopita alikuwa aje Jumamosi kwa barabara ya Kondoa. Alhamisi akaniuliza kama ni lazima aje mwenyewe, au dereva atatosha. Nikaona nimpunguzie usumbufu. Nikaandika kwa madaha, bila kumuuliza mtu: "You must not come on Saturday." Must, lazima. Not, si. Si lazima uje. Kuna kosa gani hapo?

Jumamosi tulianza kukata vichala saa kumi na moja alfajiri, vibarua sita na mimi. Kreti 30 tukazipanga chini ya mwembe, tukazifunika magunia yaliyoloweshwa maji. Saa sita, kimya. Saa tisa, nyuki wameshapata habari, sisi bado tunatazama barabara. Kumpigia, ananijibu kwa upole kabisa kwamba nilimkataza asije, kwa hiyo na dereva hakumtuma. Nikazipeleka kreti kadhaa soko la Majengo, mjini, kwa bei ya kutupa, nyingine wakala watoto mpaka wakaharisha, zilizobaki wakachukua watu wa mvinyo, na bei yao unaijua.

Kuanzia hapo, kila Jumamosi nikishusha mzigo sokoni napitia Chang'ombe, kuna kijana wa chuo anafundisha uani kwa dada yake. Mtoto mdogo, lakini hilo alilieleza vizuri. Kwetu ile "si" inaikana lazima yenyewe: lazima haipo, ukitaka njoo, usipotaka kaa. Kwao "not" inairuka "must" inakwenda kung'ata kitenzi cha mbele: ni lazima usije. Marufuku! Nilichotaka mimi kilikuwa "you don't have to come", au "you needn't come". Kwa nini hatukuambiwa hivi kidato cha pili? Au wewe uliambiwa, mimi nikiwa nimesinzia nyuma yako?

Kuna na vituko vingine. Mimi bado nasema "I can to come", kwa sababu kwetu huwezi kusema naweza bila ku ya kuja, ulimi unaidai. Kijana ananirudisha: baada ya can, could, must, should na wenzao hakuna "to", na hata ukimsema Joni huongezi s, ni "he can", basi. Halafu hiyo "could". Siku moja mzungu aliandika, "Could you send me some photos?" Nikasoma: uliweza kunitumia picha? Nikajibu kwa unyoofu, "No, I could not." Kumbe alikuwa ananiomba kwa adabu! Sasa mtu atajuaje? Neno lile lile jana ni la wakati uliopita, leo ni la heshima.

Kijana ana kasoro moja, mifano yake. Ana karatasi alizozitoa sijui wapi, kila sentensi ni mwavuli: you should take an umbrella, it might rain. Dodoma hii, Septemba! Mvua tunaingojea Desemba. Nimejitungia yangu. Nimekata vipande vya boksi, nikaandika kila kipande neno moja, nikavifunga kwenye nguzo za waya shambani. Nikifika nguzo ya "must" nasema lazima tupogoe, nguzo ya "should" nasema ingefaa tupige dawa, nguzo ya "mustn't" namkataza Eliya asiguse mkasi. Ile t ya kati haitamkwi, lakini mimi naitamka tu, niikumbuke hasara yangu. Mama alinikuta juzi nikiongea peke yangu na nguzo. Hakusema kitu, akaenda kumwita shangazi.

Sasa nifike kwenye kilichoniamsha. Baada ya mwezi mzima wa kununa, leo mchana mzungu ameandika: "You should have told me clearly. We may come on the 20th, but you don't have to keep everything for us." Kipande cha mwisho nilikielewa palepale, nikapiga vigelegele peke yangu! Cha kwanza Baba Eliya anasema ni ushauri, mimi nasema ni lawama, ulipaswa kuniambia na hukuniambia. Kinachoninyima usingizi ni hiyo "may". Kijana anasema ni huenda, na "might" ni huenda iliyolegea zaidi. Lakini siku nyingine alisema "may" ni ya kuomba ruhusa. Je, mzungu ananiomba ruhusa ya kuja? Zabibu zimeshakolea sukari, Rehema. Nikiziacha kwenye waya mpaka tarehe 20, ndege watakula nusu, nyuki nusu. Nikizikata zote, akitokea, nitamwambia nini tena, na kwa kitenzi gani?

Wewe ndiye mwalimu. Huenda ya "may" ni ya mtu anayekuja, au ya mtu anayekuaga kwa adabu? Nibakize mistari mingapi? Nikimuuliza "Will you come?" nitaonekana namkaba? Au niandike "Could you tell me", sasa kwa kuwa ni ya heshima? Na kwenye simu unatofautishaje can na can't, maana mimi nasikia kitu kimoja? Unaweza kunitungia sentensi 20 hivi, za shamba na soko, pasiwe na mwavuli hata mmoja? Likizo unakuja? Na yule mwalimu mwenzako mliyekuwa mnanuniana, mlishapatana?

Joni anarudi Jumapili, mpe majibu.

Wako,
Mama Eliya

N.B. Zabibu za kwenye ndoo ni zako na mama. Ndoo si lazima uirudishe. Kifuniko rudisha.