Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mzigo wa Kazi na Kujiamini Kazini

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama atazisoma mweka hazina. Mimi nitasema juu ya jambo lililoishughulisha kamati yenu kuliko mengine yote mwaka huu: wenzetu wanaochoka hadi wanaanza kuamini kwamba kazi yao wenyewe hawaiwezi.

Malalamiko mengi yalianza na wingi wa kazi. Tulipokaa na waliotuandikia, tukasikia kinachouma zaidi. Mtu ameifanya kazi miaka mingi na anaijua. Akiongezewa majukumu ya wawili walioondoka, anaanza kukosea, anakemewa, kisha anaacha kuuliza asije akaonekana hafai. Hapo usingizi unapaa. Nakiri kwamba hapo awali nilidhani kujiamini ni hulka tu ya mtu. Kumbe mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza tangu 1977 kwamba imani ya mtu juu ya uwezo wake hujengwa, zaidi ya yote, na kazi alizozifanya zikafanikiwa. Asiyepata nafasi ya kumaliza lolote vizuri ataitoa wapi imani hiyo? Mtafiti wa masuala ya kazi Robert Karasek naye, mwaka 1979, alionyesha kuwa kazi nzito humwelemea zaidi mfanyakazi asiye na kauli juu ya namna ya kuifanya.

Lakini tusidanganyane. Wako waajiri ambao wakisikia neno kujiamini huandaa semina ya siku moja ya kuwatia watu moyo, na kesho yake mzigo uko palepale. Tena hodari ndiye anayerundikiwa, kwa kuwa hulalamika kidogo. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitangaza kwamba wanaofanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki wana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa takriban asilimia 35 kuliko wa saa 35 hadi 40. Moyo wa kujituma haumkingi mtu na hilo.

Kamati ilichelewa. Wako wanachama walioandika mara mbili kabla hatujawaita, nao nawaomba radhi kwa dhati.

Kwenye mkutano mkuu mtapigia kura mapendekezo mawili ya kupeleka kwa waajiri. Kwanza, jukumu jipya lije na mafunzo pamoja na muda wa kujifunza ndani ya saa za kazi. Pili, nafasi ikibaki wazi, mwajiri aandike ni kazi ipi inasimama mpaka mtu apatikane. Hili la pili naliombea kura zenu kwa moyo wote, maana leo hakuna kinachosimama. Kila kitu humwangukia aliyebaki. Fomu za maoni ziko kwa makatibu wa matawi.