Chekechea wacheze maigizo jamani

Mhariri, shikamoo. Mimi mzazi wa hapa Bagamoyo, naomba nafasi kidogo gazetini kwako.

Mjukuu wangu ana miaka 5, yuko chekechea, na kila siku ni a e i o u ubaoni mpaka mtoto anasinzia. Sasa juzi mwalimu mmoja mgeni kawachezesha hadithi ya sungura na fisi, wakatengeneza masikio kwa maboksi, mkia wa fisi kipande cha kanga, mmoja mti, mwingine kisima, na yule wangu ambaye hata kuomba maji shuleni anaogopa eti ndo akawa fisi, kaunguruma mpaka wenzie wakakimbia! Kurudi nyumbani anatuhesabia maembe ya sungura moja mpaka kumi, bila kuruka hata moja. Mwezi mzima nilikuwa namfundisha kwa visoda, wapi.

Kinachoniuma, wazazi wengine wamelalamika eti ada inaliwa na michezo, mwalimu kaambiwa aache. Na hii ni Bagamoyo, mji wenye chuo cha sanaa tangu 1981, siku hizi TaSUBa, vijana wanasomea maigizo na ngoma hapohapo. Hivi kweli tunashindwa kuwaomba waje hata saa moja kwa wiki kuwaonyesha walimu? Hakuna gharama ya maana, maboksi yamejaa madukani na kanga kuukuu kila nyumba ipo, ya kwangu ishakatwa tayari.

Bibi wa Dunda, Bagamoyo