Maumivu yameisha, lakini goti halikomi kuvimba

Daktari, pole na kazi. Nina miaka 27, nacheza mpira, namba yangu ni beki wa kati. Leo ni wiki ya 14 tangu niumie goti la kulia. Maumivu karibu yameisha, ila uvimbe haujatoka na kuna vinundu viwili vinavyoninyima raha.

Niliruka kupiga kichwa, nikatua kwa mguu mmoja mwili ukiwa umegeuka, goti likajipinda, nikaangukia pia ya goti. Usiku ule lilikuwa zito tu; asubuhi nikaliona limejaa, hata pia yake haionekani. Nalitaja hilo kwa kuwa nimesoma kwamba goti linalovimba ndani ya saa chache mara nyingi limevujia damu ndani, na la kesho yake huwa ni maji ya kiungo. Eksirei haikuonyesha mfupa uliovunjika. Nilipumzika, nikaweka barafu dakika 15 kila mara. Kosa langu ni moja: siku ya tatu nilikubali kuchuliwa kwa nguvu, na usiku huo goti lilivimba mara mbili ya mwanzo.

Kinundu cha mbele kiko chini kidogo ya pia, kama punje ya hindi, kigumu, kinateleza nikikigusa. Siwezi kupiga magoti, ni kama nimewekewa changarawe chini ya ngozi. Cha nyuma, pale mguu unapokunjia, ni laini. Nikinyoosha mguu kinakaza, nikiukunja nakitafuta nisikione. Goti lenyewe huamka likiwa sawa na mwenzake, lakini nikishinda nimesimama, jioni limejaa tena. Paja nalo limekonda, kaptula ya mazoezi inapwaya upande mmoja. Sina homa, ngozi haijawa nyekundu wala haina joto. Ila mara mbili goti limekwama nikishuka ngazi, nikasimama nimeshika ukuta nikilitikisa taratibu mpaka likaachia. Hilo ndilo linalonitisha kuliko vinundu vyenyewe.

Daktari, hiki cha mbele chaweza kuwa damu iliyovilia ikawa ngumu? Na cha nyuma, kama ni maji yanayosukumwa kutoka ndani ya goti, je, maana yake kuna gegedu (ile tishu ngumu inayokinga mifupa ndani ya goti) lililochanika linaloendelea kuyazalisha? Najua eksirei haionyeshi gegedu wala kano, basi niombe kipimo cha MRI (picha ya sumaku), au kwa hali hii bado ni mapema? Wenzangu wananishauri nikavutwe maji kwa sindano. Naogopa yatajaa tena ikiwa chanzo hakijaguswa. Na hili paja, nianze kulifanyia mazoezi sasa au nisubiri goti litulie kwanza?

Kocha ananiuliza kila wiki narudi lini. Nimemwambia anipe muda, nimekuandikia wewe.