Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanakikundi wa Shamba Mseto la Mikorosho, Tandahimba

Ndugu wanakikundi,

Palizi, kupuliza salfa, kuokota na kupeleka korosho ghalani vilikwenda kama miaka yote. Mlikuwepo, sina haja ya kurudia. Mbaazi tulipata magunia mawili, karanga gunia moja na nusu, korosho kilo 198.

Najua hizo kilo 198 ndizo zilizowaleta wengine leo, maana msimu uliopita zilikuwa 410. Imesemwa mitaani kwamba mwenyekiti ameua shamba kwa kukata mikorosho. Naomba nijibu.

Ekari yetu ilikuwa na mikorosho 58. Kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 inayoelekezwa na watafiti wa Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo kule Mtwara, ekari inabeba miti 28 tu. Matawi yalishapandana, saa sita mchana chini yake giza. Mkorosho hutoa maua pembezoni, kule jua linakopiga. Humo ndani palibaki kuwa makao ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, na salfa haikupenya hata tupulize vipi. Ndiyo maana Februari tuling'oa 30, na katika iliyobaki tukakata mizee tisa ikabaki visiki, ili ibebeshwe, yaani iungwe vikonyo (vijiti vya mikorosho bora). Kwa hiyo iliyozaa ni 19, na kila mmoja umetoa zaidi ya kilo 10. Zamani ulitoa kilo saba. Hilo wanaolalamika hawalisemi.

Wala sikuamua peke yangu. Tuko 46, akidi ni theluthi moja, na siku ya mkutano wa kuamua tulihudhuria 17. Waliobaki walikuwa wapi? Vikonyo nilivifuata Naliendele mara mbili kwa nauli ya mfukoni mwangu, na sijadai. Fedha za kuni za miti iliyokatwa, shilingi 180,000, zipo benki na stakabadhi anayo mhazini.

Mzee wetu mmoja aliniambia nimekata jasho la marehemu kaka yake. Iliniuma sana, kwani hata mimi nilianza kuokota korosho chini ya miti ile nikiwa mtoto. Nilimwomba twende shambani. Visiki vinane kati ya tisa vimeshika, chipukizi zina majani mekundu, laini kama sikio la mbuzi mchanga. Mkorosho wa pembeni majimoto, wale sisimizi wekundu wa mitini, wameshona kiota. Jamani, wale msiwachome moto, ndio wanaotufukuzia mbu wa mikorosho, wadudu wanaofyonza chipukizi. Mzee alivishika visiki kimoja kimoja, kisha akaniuliza vitazaa lini. Nikamjibu, miaka miwili hadi mitatu.

Ada ni shilingi 24,000 kwa mwaka. Waliolipa ni 19, jumla 456,000. Wanaodaiwa 27, jumla 648,000. Msumeno tuliazima kwa sababu hiyo, na wadaiwa ndio wa kwanza kuulizia kuni.

Mwakani, Mungu akijalia, tunatarajia kuwa na kitalu chetu, pengine na mizinga ya nyuki.

Mhazini atakuwa chini ya mwembe na daftari lake mpaka jioni.